Mapazia ya Chumba 412

Jumatano, 13 Agosti 2025

Tumeingia hotelini saa nane mchana. Chumba 412, ghorofa ya nne, dirisha linatazama Mtaa wa Muindi Mbingu. Kitanda kipana. Birika la umeme. Sabuni mbili ndogo, ambazo Nyawira ameshazitia mkobani ili zisipotee. Baridi kali. Na mapazia. Mapazia! Nitayarudia.

Kwanza nieleze. Mimi na mke wangu Nyawira tumetimiza miaka thelathini ya ndoa. Binti yetu Jackie, ambaye ni mhasibu katika ofisi moja huko Lavington, ametulipia fungate katikati ya jiji hadi Jumapili, pamoja na chai ya asubuhi, kwa sababu fungate letu la kwanza hatukulipata. Ukimwuliza Nyawira atakwambia hatukulipata kwa ajili yangu. Kuna ukweli kidogo. Mwaka wa 1995, siku ya pili ya ndoa, nilitoka gesti dakika kumi tu kwenda kutazama vitambaa Biashara Street. Nikarudi saa kumi na mbili jioni na marobota mawili. Nilimkuta ameketi kitandani na gauni la kupigia picha, vile vile alivyokaa tangu asubuhi. Mpiga picha alikuwa amechoka kungoja, akaenda zake. Kwa hiyo albamu yetu ina harusi, halafu inaruka moja kwa moja hadi ubatizo wa Jackie.

Duka langu la mapazia pale Dagoretti Corner lilianza na marobota yale yale. Hilo hakuna anayelitaja.

Safari hii Nyawira alikubali kuja kwa sharti moja. Hakuna biashara. Hakuna ujanja. Akiona hata dalili, fungate limekwisha na hatanipa jingine. Niliapa. Niliapa kwa moyo wangu wote, huku kitabu changu cha sampuli kikiwa tayari kimelala ndani ya sanduku, chini ya masweta.

Maana hoteli niliichagua mimi. Nyawira anadhani niliichagua kwa sababu ina lifti na magoti yake yanamsumbua. Niliichagua kwa sababu mwezi jana nilipita hapo chini barabarani, nikainua macho, nikaona madirisha tisini na sita yenye mapazia marehemu. Kahawia iliyopauka. Upindo umefumuka. Hayafiki hata kwenye kizingiti. Mtu wa kawaida angeona hoteli ya bei ya kadiri. Mimi niliona kazi ya mwaka mzima.

Mpango ni rahisi. Nipime dirisha moja kwa siri. Nimwone meneja. Nitoke na oda. Nyawira aje ajue Krismasi, tukiwa tumeshiba.

Kitu kimoja cha aibu. Tulipofika, Nyawira alimkabidhi dada wa mapokezi kiondo cha nduma na parachichi kutoka shambani kwetu Waithaka. Dada akauliza kama ni mzigo wa kuhifadhiwa. Nyawira akamwambia ni zawadi, mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Dada akatazama kompyuta yake, akakosa mahali pa kuandika nduma. Mimi nilikuwa natazama mapazia ya ukumbini. Mafupi nayo.

Alhamisi, 14 Agosti

Siku mbaya. Nimeonekana uchi, au karibu na uchi, na watu watatu.

Chanzo ni Nyawira. Aliamka saa kumi na moja, kama kwamba ng'ombe wake wako kwenye korido. Akatandika kitanda. Akakunja taulo. Akafuta sinki, akafuta bafu, akafuta birika. Akashuka na taka mkononi kuuliza shimo liko wapi. Nilimwambia kuna watu wa kazi hiyo. Akanijibu kwamba mama yake alimfundisha mgeni huondoka akiacha chumba kama vile hakulala, na kwamba hawezi kumwachia mtoto wa watu kitanda chenye joto la mwili wake. Ubishi na Nyawira ni kama kufua mkaa.  Tukaenda kunywa chai kabla hata anayeandika majina ya wageni mlangoni hajafika.

Basi akaja Mwongeli, mhudumu wa vyumba wa ghorofa yetu. Akafungua 412. Akakuta chumba kisichoguswa na mtu tangu kiumbwe, sanduku letu likiwa limefichwa kabatini kwa adabu. Akaandika anachoandika mtu mwaminifu: wageni hawakufika.

Wakati huo Nyawira ameenda City Market kutazama maua. Mimi nimerudi kuoga. Nimetoka bafuni, nimejifunga taulo, nikaona hii ndiyo nafasi. Nikapanda juu ya kiti na tepu yangu ya kupimia. Mkono mmoja kwenye bomba la pazia. Mkono mmoja kwenye taulo. Kazi ile inataka mikono mitatu, na hapo ndipo mlango ulipofunguka.

Mzee mwenye kofia. Mkewe. Mchukuzi na masanduku mawili. Mapokezi wa zamu ya asubuhi, waliosoma tu karatasi ya Mwongeli, walikuwa wamewapa chumba chetu!

Niliwasalimia. Ningefanya nini? Tepu ikanitoka, ikajiviringisha sakafuni hadi kwenye viatu vya yule mzee. Akainama polepole. Akaiokota. Akaisoma. Akasema mia mbili na kumi na nne.

Mwongeli aliitwa. Alinitazama, akatazama kitanda, akaniuliza, "Mzee, kwani nyinyi mlilala wapi?" Nikamwambia hapo hapo. Hakuamini. Ilibidi Nyawira arudi kutoka sokoni na maua yake, akivuruge kitanda na kukitandika upya mbele yake ndipo aamini. Akamwonyesha na namna ya kukunja pembe za shuka. Sasa Mwongeli anamwita Mama, na wamebadilishana nambari za simu. Mimi hakuna aliyeniuliza kama nimepata baridi.

Yule mzee ni Mwalimu Odero, amefundisha kwaya shuleni Kisumu miaka arobaini, kisha akastaafu. Mkewe anaitwa Peres. Wamekuja kwa ubatizo wa mjukuu, Jumapili. Wamepewa 414, ukuta mmoja na sisi. Aliponirudishia tepu alikonyeza jicho. Sipendi mwanaume anayekonyeza jicho. Baadaye kwenye lifti akaninong'oneza kwamba yeye hajaona kitu, hasa kama ile meza ya dirishani tuliyoikalia asubuhi, na ambayo Nyawira aliwasifia, itakuwa wazi kesho. Mwalimu wa kwaya! Nikamwambia meza ni yake.

Mchana nikamwambia Nyawira naenda kuuliza habari za maji moto. Nikaenda kwa meneja. Ni kijana anayeitwa Kisilu, ana simu mbili na hana dakika. Akaniambia nije Jumamosi saa nne asubuhi. Jumamosi basi.

Jioni tulipanda lifti mara tatu bila kuwa na mahali pa kwenda. Nyawira alitaka. Alicheka hadi akashika ukuta. Sijamwona akicheka hivyo tangu ng'ombe alipokula kofia ya jirani yetu Kibe. Ananipendeza sana akicheka. Kwa nusu saa nzima nilisahau yale madirisha.

Ijumaa, 15 Agosti

Siku za mwizi ni arobaini. Zangu zimekuwa mbili.

Odero hakusema kitu. Nakiri hilo. Ni Peres, mama wa watu, na wala hakuwa na nia mbaya. Tulikuwa tumekaa meza ya nyuma, karibu na jikoni. Peres akapita na sahani yake ya viazi vitamu, akamsalimu Nyawira, akamsifu kwa kuwa na mume mwenye bidii. Akasema wa kwake amestaafu hata kufunga kamba za viatu, lakini huyu, ametoka tu kuoga, tayari yuko juu ya kiti anapima dirisha!

Nyawira aliendelea kula. Akamaliza yai lake. Akafuta mdomo. Nilijaribu kumweleza kwamba nilikuwa nafanya mazoezi ya mabega. Akaniomba chumvi, akaitia kwenye yai ambalo lilikuwa limekwisha.

Chumbani alifungua sanduku, akainua masweta, akatoa kitabu cha sampuli. Akakiweka juu ya mto. Akauliza, "Baba Jackie, na huyu amekuja fungate na nani?"

Nikakosa neno. Mimi, niliyewahi kumwuzia mtu pazia kwa chumba kisicho na dirisha.

Akafunga vitu vyake. Nilidhani anarudi Waithaka. Nilimfuata kwenye lifti nikiwa na soksi moja. Chini hakwenda mlangoni. Alikwenda mapokezi, akaomba chumba chake mwenyewe, akalipa kwa hela zake za maziwa. 409, upande wa pili wa korido. Nilimwuliza ana maana gani. Akanijibu bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonitisha: fungate linaendelea vizuri kabisa, ila mimi sijaalikwa.

Saa tano. Nimemtuma Mwongeli na maua. Yamerudi majibu kwamba maua ni yale yale ya jana ya Nyawira mwenyewe, lakini asante kwa kuyabadilishia maji.

Saa saba. Nimeandika barua. Barua nzuri sana, kurasa mbili. Nimeeleza kwamba yote niliyafanya kwa mapenzi, na kwamba pia msimu huu duka limekuwa baridi. Mwongeli alisoma kwanza, akasema, "Mzee, hii ya msimu toa." Sikutoa. Barua imerudi. Amepiga mstari chini ya neno msimu, mara mbili, kwa wino mwekundu. Wino mwekundu ni wa Odero. Mwalimu hatembei bila kalamu nyekundu.

Saa tisa. Nilishuka kunywa chai. Nyawira alikuwa meza ya dirishani na Odero na Peres. Walikuwa wanacheka. Nilikaa nyuma ya nguzo. Mandazi mawili, sikumaliza hata moja. Halafu nikarudi 412, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikasikiliza korido. Kila viatu vilivyopita nilidhani ni vyake. Nilikaa hadi saa kumi na mbili. Karibu saa tatu za kumngoja mtu aliye mlango wa tatu kutoka kwako. Niliona uchungu. Sikuwa najua saa tatu ni nyingi hivyo, na yeye mwaka ule alingoja saa tisa nzima.

Mwongeli alibisha kabla ya kwenda nyumbani. Ameleta ujumbe. Kesho saa nne Mama anakwenda bustani ya Jeevanjee kupigwa picha ya fungate. Anayetaka kuwa ndani ya picha anakaribishwa. Asipokuja, Mama atasimama peke yake na itapigwa hivyo hivyo.

Nikafurahi sana. Kisha nikakumbuka. Saa nne ni Kisilu.

Jumamosi, 16 Agosti

Mshika mbili moja humponyoka. Lakini methali hii ilitungwa na mtu asiyejua kupanga saa.

Nilipanga hivi. Nimpate Kisilu saa tatu badala ya saa nne. Nusu saa ya maongezi. Dakika tano za kukimbia hadi bustanini, ni karibu. Ili kuwa salama, nikambishia Odero saa moja asubuhi, nikameza kiburi, nikamwomba amcheleweshe mpiga picha kidogo ikibidi. Alinitazama muda mrefu juu ya miwani. Akasema miaka arobaini ya kwaya imemfundisha kwamba daima kuna mwimbaji mmoja wa besi anayeingia amechelewa, na mwalimu hana budi kuinua mkono na kuwangojesha wengine wote. Nikamwuliza kama hiyo ni ndiyo. Akasema ndiyo.

Saa tatu nilikuwa kwenye kiti nje ya ofisi ya Kisilu, ghorofa ya kwanza, suti, tai, kitabu cha sampuli magotini. Kisilu hayupo. Saa tatu na nusu, hayupo. Saa nne kasoro kumi akaja, simu masikioni zote mbili, akaniinulia kidole kimoja: dakika moja. Akaingia, akafunga mlango.

Pale kwenye kiti kuna dirisha. Pazia lake limechanika, kwa hiyo unaona barabara vizuri. Nikamwona Nyawira akitoka. Gauni la buluu aliloshonewa na Jackie. Mkoba ameushika kwa mikono miwili, kama anavyoushika akienda kanisani. Akafika ukingoni mwa barabara, akasimama. Magari yalikuwa yamesimama, njia ilikuwa wazi. Hakuvuka. Aligeuka akatazama mlango wa hoteli. Akautazama kidogo. Halafu akavuka.

Saa nne na dakika saba mlango ukafunguka nyuma yangu. Kisilu akasema, "Karibu mzee. Niko na dakika tano."

Madirisha tisini na sita. Nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema samahani, kuna mtu ananingoja.

Nikakimbia. Sina umbo la kukimbia. Katikati ya barabara nikagundua kwamba kitabu cha sampuli nimekiacha juu ya kiti. Kazi ya miaka saba, kila kitambaa na nambari yake. Nikasimama, nikatazama nyuma. Nikaendelea mbele. Naliandika hili kwa sababu shahidi hakuna.

Bustanini Nyawira alikuwa amesimama mbele ya maua, peke yake. Mpiga picha alikuwa amekasirika, maana Odero alikuwa amemwamuru ahamishe kamera mara nne kwa ajili ya kivuli, na sasa alikuwa anambishia kuhusu wingu. Peres aliponiona akashika kifua na kumshukuru Mungu. Odero akashusha mkono. Tangu leo huyo mzee ni rafiki yangu, hata akikonyeza.

Nyawira alitazama saa yake. Akasema, "Umechelewa dakika kumi na mbili, Baba Jackie." Nikamwambia najua. Akauliza kile kitabu kiko wapi. Nikamwambia kiko kwenye kiti cha watu, hotelini, pengine kimeshachukuliwa. Akanitazama usoni, jicho hili, halafu jicho lile, kama anavyomtazama ndama kujua kama anaumwa. Kisha akanirudishia tai mbele, maana ilikuwa imefika mgongoni, akanipangusa bega, akanishika mkono. Akamwambia mpiga picha, "Haya, sasa piga."

Ndani ya picha mdomo wangu uko wazi na nimefumba jicho moja. Nyawira anacheka. Nilitoa machozi kidogo. Sioni haya kuyaandika, hii ni shajara yangu.

Tuliporudi, Kisilu alikuwa amesimama mapokezi na kitabu changu mikononi. Kumbe alikiokota ili anirudishie, akafungua ukurasa, akafungua mwingine. Anasema ametembelewa na wauzaji wengi lakini hakuna aliyewahi kumkatizia miadi na kumwachia bidhaa. Anataka pazia la chumba kimoja kwanza, la kujaribu. Chumba 412, kwa kuwa amesikia kutoka kwa Mwongeli kwamba dirisha lake limeshapimwa. Na rangi amechagua. Haradali! Robota la haradali limenishinda kuuza miaka sita. Linakaliwa na paka.

Nilifungua mdomo. Nikamtazama Nyawira. Nikaufunga. Ni yeye aliyesema. Alimweleza Kisilu kwa upole kwamba ampigie simu yeye Jumatatu, kwa sababu mume wake yuko fungate hadi kesho. Halafu akaenda 409 kuchukua begi lake, akakitandika kile kitanda, akafuta sinki, akahamia 412.

Tulikunywa chai meza ya dirishani, sote wanne. Odero akaimba besi kidogo. Watu wakageuka. Tukaacha wageuke.

Jumapili, 17 Agosti

Tumerudi Waithaka. Ng'ombe wazima. Jackie amelia alipoiona picha, kisha akauliza kwa nini nimefumba jicho. Nyawira amekwisha kuitia kwenye albamu, ukurasa wake mwenyewe. Mara tatu leo nimemkuta amesimama pale kabatini akiitazama. Mara ya nne alinikuta mimi.

Nimekaa na kufikiri kwa makini juu ya siku hizi. Mtu wa umri wangu asipojifunza sasa atajifunza lini? Nilipopima kwa siri, niliaibika. Nilipoficha kitabu, nilifukuzwa. Nilipokiacha kitabu kwenye kiti nikamkimbilia mke wangu, meneja alikifungua mwenyewe na kunifuata hadi mapokezi. Somo liko wazi kama mchana. Ujanja hauleti kitu. Mtu akimtanguliza mkewe na kuipa biashara kisogo, biashara humfuata mbio. Nimeacha ujanja kabisa.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo nitampeleka Nyawira kunywa chai kwenye ile nyumba ya wageni iliyo karibu na ofisi ya Jackie, Lavington. Nimewahi kuiona. Vyumba hamsini, mapazia ya kulilia. Sitapima. Sitamtafuta meneja. Nitakaa nimeyapa mapazia mgongo, nimemshika mke wangu mkono, mahali ambapo meneja akipita lazima atuone. Kitabu nitakisahau kwenye kiti cha pili, kikiwa wazi ukurasa wa haradali. Kisha tutainuka ghafla, kwa mapenzi, twende.

Nilikuwa nacheka peke yangu nikiandika haya. Nyawira akauliza kutoka jikoni ninacheka nini. Nikamwambia nafikiria kumtoa tena Jumamosi, kwa sababu nampenda. Akasema sawa, atavaa lile la buluu.

Na nampenda, hilo si uongo. Limetokea tu kwamba linaingia vizuri kwenye mpango.